Mstari wa Arobaini na Nne

Kila Jumapili mchana, wakati majirani wamelala na matumbo yao yamejaa, Bi Wino huosha kalamu zake. Hapo usimsemeshe. Hata mumewe, fundi saa, mtu mwenye maneno mengi kuliko saa zote zilizoning'inia kwenye karakana yake, anajua kwamba muda ule ni wa kunyamaza au kwenda kutembea. Bi Wino huweka bakuli jeupe mezani karibu na dirisha, hulijaza maji, kisha hutumbukiza nibu ya kwanza, ile ncha ya kuandikia, na kusubiri. Wino hutoka polepole. Unaanza uzi mmoja, unajikunja, unapanda juu, unashuka tena kama umesahau kitu, halafu maji yote yanageuka rangi na uzi hauonekani tena. Yeye hukaa akitazama, kidevu kwenye kiganja. Ukimuuliza anaona nini, atakwambia haoni kitu. Mwongo huyo! Anaona sana, basi tu hapendi kuulizwa.

Akimaliza kuziosha na kuzipangusa, hufungua daftari. Hapo ndipo watu huanza kumcheka. Mwanamke mzima, karani wa vizazi na vifo kwa miaka thelathini na tatu, anaandika habari za kalamu kama daktari aandikavyo habari za wagonjwa. Tarehe iliyojazwa wino. Kalamu gani. Wino gani. Iliandikaje siku hiyo. Imeoshwa lini. Na kalamu zenyewe zina majina: kuna Mnene, anayekunywa wino bila kushiba, kuna Mkaidi, ambaye bila kutikiswa haandiki hata nukta, na kuna Bi Arusi, mwembamba, mweusi, mwenye pete ya dhahabu shingoni, ambaye tangu anunuliwe hajawahi kushikwa na mkono mwingine. Madaftari yamefika saba. Lakini jamani, kila mtu na wazimu wake. Wengine wanafuga njiwa.

Tena wazimu wa Bi Wino ulikuwa na sababu. Kitabu cha Vizazi ni kitabu kikubwa cha jalada gumu, na ndani yake hakuna kufuta. Mkuu wa kwanza aliyemfundisha kazi alimwambia siku ya kwanza, "Binti, hapa kilichoandikwa kimeandikwa. Ukikosea jina la mtu, atazeeka na kosa lako." Maneno hayo yalimwingia. Tangu siku ile, kila mzazi alipotaja jina la mtoto, Bi Wino alifungua kwanza daftari lake la kalamu na kulijaribu jina hilo pale chini ya habari za kalamu ya siku hiyo, mara moja, mara mbili, mpaka mkono ulizoee. Ndipo alipoliandika kwenye kitabu kikubwa. Ofisi nzima walimtania. "Bi Wino, unalipasha moto jina?" Yeye alijibu, "Ee, nisije nikakuandikia la baridi."

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Mvua za mwaka ule zilikuja kwa fujo. Zilinyesha siku nne mfululizo, na siku ya tano bati la stoo ya ofisi likaachia. Stoo ilikuwa chini ya mtu mmoja aitwaye Bwana Funguo, kwa sababu alitembea na funguo thelathini kiunoni na ulimsikia anakuja kabla hujamwona. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu tangu utoto. Alikuwa ameandika barua tatu kuomba bati libadilishwe. "Niliwaambia," alisema akikamua maji kwenye tambara, "usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakanijibu bajeti. Haya, bajeti ndiyo hiyo inaelea." Walicheka, wakavianika vitabu, wakadhani yamekwisha.

Jumanne iliyofuata akaja binti mmoja. Alikuwa amepata kazi ya uuguzi, ya kwanza maishani mwake, na hospitali ilimtaka alete cheti cha kuzaliwa kabla ya wiki mbili kwisha. Chake kilipotea zamani. Mama yake alishafariki, baba hakuwahi kumjua. "Shikamoo mama," alimwamkia Bi Wino, akataja mwaka na mwezi.

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo, nakitoa sasa hivi."

Bi Wino alikifungua kitabu cha mwaka ule, akageuza kurasa. Mistari ilikuwa myeusi, mizuri, kila jina mahali pake. Akageuza tena. Karatasi ikawa tupu. Siyo tupu ya karatasi mpya, hapana. Namba za mistari zilikuwepo, zile zilizopigwa chapa kiwandani, na palikuwa na wingu jepesi la rangi, kama doa la zabibu lililofuliwa likagoma kutoka lote. Watu ndio hawakuwepo. Aligeuza ukurasa wa pili, wa tatu. Kwenye ukurasa wa nne, katikati, maandishi meusi yakaanza tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Binti akainama kutazama. "Mama, mimi niko wapi?"

Mkuu wa ofisi alikuja, kijana msafi mwenye haraka, aliyekuwa shule ya msingi wakati mistari ile inaandikwa. Alihesabu: mistari arobaini na minne imefutika. Akataja kanuni papo hapo, maana ndiye mtu wa kanuni: jina lililopotea hurudishwa kwa maandishi ya wakati uleule, au kwa kauli ya mzazi mwenyewe mbele ya karani. Binti hakuwa na hiki wala kile. Kisha mkuu akageukia mlangoni alikosimama Bwana Funguo na tambara lake. "Wewe kitabu kimekaa majini na hujui? Watu arobaini na wanne! Jumatatu nataka barua ya kujieleza mezani kwangu. Na ujue kujieleza peke yake hakutakusaidia. Hapa kuna kuondoka."

"Mkuu, vitabu vyote vililowa sawa. Mbona vingine..."

"Jumatatu."

Bwana Funguo alitoka, na kwa mara ya kwanza funguo zake hazikulia, maana alikuwa amezishika kwa mkono.

Bi Wino alikuwa amesimama palepale. Alijua ni kwa nini. Katika ofisi nzima yeye peke yake ndiye aliyejua, na ulimi wake haukunyanyuka.

Siku zilizofuata alitembea kama mtu aliye chini ya maji. Alisikia watu wanaongea na sauti zao zinamfikia zimechelewa. Alipokaa mezani mchana na jua likapenya dirishani baada ya mvua, aliyaona majina yale yakitoka mlangoni mmoja mmoja, miguu mitupu, sakafu ikilowa nyuma yao, kila mmoja akigeuka kidogo kumtazama bila hasira. Wa mwisho alikuwa mdogo kabisa. Huyo hakugeuka. Bi Wino aliinuka kwenye kiti kumfuata, akajikuta ameshika kitasa cha mlango na watu wa foleni wanamshangaa. "Natafuta hewa," aliwaambia.

Mambo yalikuwa hivi. Wino wa ofisi ni mkali. Ukiuandika ni bluu, ukikaa unakuwa mweusi, kwa sababu unaiuma karatasi na kuingia ndani; maji yatapita juu na kuuacha. Lakini miaka ishirini na sita iliyopita, siku mimba ya Bi Wino ilipotimiza miezi saba, fundi saa alifunga karakana akiwa na furaha ya kijinga, akaenda mjini na kurudi na chupa ndogo ya wino wa zambarau. Rangi ya anga dakika moja kabla giza halijaingia. Bi Wino aliijaza Bi Arusi wino ule, akajaribu mstari mmoja, na akaona ni dhambi kuwaandika watoto wachanga kwa wino mweusi kama wa hukumu. Akaupeleka ofisini. Kwa wiki nane aliandika kwa zambarau. Alikuwa na tumbo kubwa, alikuwa na furaha, na hakuna aliyemkataza. Hakujua kwamba wino wa namna ile hauingii kwenye karatasi. Unailalia tu, na maji yakija unaondoka nayo.

Kisha alijifungua, mtoto wa kike. Siku ya nne alimbeba mpaka ofisini, kumwonyesha, kujivuna, na mkuu wa zamani akasema, "Haya, mwandike mwenyewe, leo kanuni imelala." Akamwandika kwa zambarau ileile, kwa mkono mmoja, mkono mwingine umemshika mtoto. Siku ya tisa mtoto alifariki. Karani mwingine ndiye aliyeandika kwenye Kitabu cha Vifo, kwa wino wa ofisi, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile kwa watoto wa chini ya mwezi: hakuandika jina, aliandika "mtoto wa kike wa karani wa ofisi hii." Mstari huo upo hadi leo, mweusi, haukudhurika hata herufi. Mvua ile ilimfanya mtoto wake awe mtu aliyekufa bila kuzaliwa.

Jumamosi mchana alilitoa daftari la pili kutoka chini ya kanga zake sandukuni. Hakuwa amelifungua miaka ishirini na sita. Fundi saa aliingia akiwa na kikombe cha chai, akaliona, akakaa kitandani taratibu.

"Ndilo lenyewe?"

"Ndilo." Alilifungua. Ndani ya sanduku kavu zambarau ilikuwa imekaa vilevile, haikupauka. Juu: *Bi Arusi. Wino wa zambarau. Inateleza vizuri, haikwami.* Na chini yake majina ya kujaribia, safu kwa safu. La yule binti lilikuwepo mara tatu. Lilimsumbua, lina herufi ndefu mbili zinazofuatana. Mwisho wa safu: *Imeoshwa. Umebaki nusu chupa.* Hakuandika zaidi ya hapo siku ile ya mwisho ya zambarau. "Watu wa zile kurasa wamo humu," alisema. "Nikilipeleka, Bwana Funguo anapona. Yule binti anapata cheti. Na mimi, miezi mitatu kabla ya kustaafu, ninakuwa karani aliyechezea Kitabu cha Vizazi kama mtoto wa shule na rangi zake."

"Usipolipeleka?"

"Nitaagwa kwa keki na hotuba."

Fundi saa aliipuliza chai yake, ingawa ilishapoa. "Mke wangu, mimi nina la kukiri. Hilo daftari ninalifungua kila mwaka, tarehe ile, ukiwa kazini. Sisomi. Natazama rangi, basi, nalirudisha."

Bi Wino alimtazama mume wake kama aliyemkuta mgeni ndani ya nyumba. Miaka yote hiyo alidhani huyu bwana amesahau. Alidhani hakuna anayelia humu ndani isipokuwa yeye. Alimkasirikia papo hapo kwa kumwacha peke yake, na hasira ikavunjika kabla hajaitamka, maana alikumbuka na yeye hakumwambia neno. Huko karakana saa zikagonga tisa, kila moja kwa wakati wake, kama kawaida ya saa zake.

"Sasa unaogopa kukosa keki?" aliuliza fundi saa.

"Naogopa wataniuliza jina la mwisho."

Hakumfafanulia, na hakuhitaji kufafanua.

Jumatatu asubuhi Bwana Funguo alikuwa wa kwanza kwenye benchi nje ya mlango wa mkuu, barua imekunjwa mara nne mkononi. Bi Wino alimpita. "Hiyo usimpe kwanza," alimwambia.

"Mama, nimeiandika usiku kucha!"

"Ndiyo maana. Kwa mwandiko wako huo hata kama una haki hawataisoma." Akaingia bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaliweka daftari juu ya meza ya mkuu. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema. "Maji hayana kosa na mtunza stoo hana kosa. Kosa ni langu. Tarehe zimo humo, kalamu imo, wino umo." Akaeleza yote, amesimama, mikono nyuma, tangu chupa ilipofika ofisini. Alichoruka ni kimoja tu.

Mkuu alisoma kimya. Alifungua kitabu kikubwa akakilinganisha na daftari, tarehe kwa tarehe. Alipoinua uso, haraka yake ilikuwa imemtoka. "Mama, unajua kwamba hapa umejishtaki mwenyewe?"

"Najua. Ile barua ya kujieleza, iandike kwa jina langu."

"Nitaiandika. Lazima niiandike."

"Andika, mwanangu. Nami nitaijibu kwa mwandiko mzuri."

Mkuu akatabasamu bila kutaka. Akamwita Bwana Funguo, akamwambia airarue barua yake, na mzee wa watu akairarua vipande vidogo vidogo kisha akaanza kuviokota, maana sakafu ya ofisi nayo ilikuwa chini ya ulinzi wake. Kazi ikaanza saa ileile, kwenye meza ya Bi Wino. Mkuu alisoma jina kutoka kwenye daftari, Bi Wino akaliandika kwenye mstari wake kwa wino wa ofisi, Bwana Funguo akagandamiza karatasi ya kukaushia. Binti alipokuja saa nne alilikuta jina lake limo. Alionyeshwa na daftari pia. Aliigusa zambarau kwa ncha ya kidole. "Mara tatu?" akauliza.

"Lilinipa kazi," alisema Bi Wino. "Nenda kawape na wewe kazi huko hospitali."

Mchana ulipofika majina yalikuwa arobaini na matatu. Mkuu aligeuza ukurasa wa daftari, akarudi nyuma, akageuza tena. "Limepungua moja. Mstari wa arobaini na nne. Halimo."

"Halimo," alisema Bi Wino.

"Lakini wewe ulijaribu kila jina."

"Hilo sikulijaribu. Nililijua."

Nje foleni ilikuwa inanong'ona. Mkuu alikuna kichwa, mtu wa kanuni huyo, akatafuta njia. "Basi inabaki kauli ya mzazi. Unamfahamu? Yupo hai?"

"Yupo."

"Anaweza kufika lini?"

"Amefika," alisema Bi Wino. Akavuta kiti cha upande wa pili wa meza, kile cha wazazi, ambacho kwa miaka thelathini na tatu hakuwahi kukikalia, akakaa.

Mkuu akaelewa, na macho yake yakashuka mezani. Alipozungumza alizungumza kwa sauti ndogo. Kwamba karani haruhusiwi kuandika kauli yake mwenyewe. Kwamba yeye mkuu ni mtu wa kutia sahihi, sheria haimruhusu kuandika. Mtumishi mwingine wa ofisi aliyekuwepo alikuwa mmoja tu.

"Mimi?" alisema Bwana Funguo. "Mkuu, mwandiko wangu kila mtu anaujua!"

"Kaa," alisema Bi Wino. Alifungua mkoba, akatoa Bi Arusi, akaijaza wino wa ofisi, akaipangusa nibu kwa kitambaa chake, na akampa. Bwana Funguo aliipokea kwa mikono miwili. Alikaa kwenye kiti cha karani, akaunyoosha mguu wake mbovu chini ya meza, akakohoa, akauliza maswali kama alivyomsikia Bi Wino akiwauliza watu maisha yote. Jina la mama. Jina la baba. Tarehe. Wa kike au wa kiume. Bi Wino alijibu moja moja.

"Jina la mtoto?"

Akalitaja.

Lilitoka dogo, kavu, kwa sababu halikuwa limepita kwenye koo lile kwa miaka ishirini na sita. Bwana Funguo aliinama mbele. "Samahani mama, sikulisikia vizuri. Naogopa kukosea. Rudia."

Akalirudia, safari hii kwa sauti, mpaka watu wa foleni wakanyamaza na mwanamke mmoja mle akainua kichwa akidhani ameitwa. Machozi yalimshuka Bi Wino wala hakuyafuta. Bwana Funguo akaandika. Aliandika taratibu, ulimi nje, herufi moja imelala, nyingine imesimama, na alipomaliza alilipuliza badala ya kutumia karatasi ya kukaushia. Lilikuwa bluu. Kesho yake lingekuwa jeusi.

Jioni ile jua lilikuwa bado linapiga dirishani alipofika nyumbani. Fundi saa alikuwa amekaa mezani. Mbele yake palikuwa na bakuli jeupe lenye maji, na ile chupa ndogo ambayo Bi Wino alidhani ilitupwa zamani. Wino ulikuwa umekauka ukabaki ganda jeusi chini.

"Limeandikwa?" aliuliza.

"Limeandikwa. Kwa mwandiko mbaya ajabu, hujapata kuona."

Fundi saa alicheka, na katikati ya kicheko akafunika uso kwa mikono. Bi Wino alimwacha alie, akakaa karibu yake, bega kwa bega. Haikuwa Jumapili, lakini aliitumbukiza Bi Arusi kwenye maji, bluu ikatoka, ikajikunja, ikaisha. Mumewe, kwa kile kidude chake cha kutilia mafuta kwenye saa, alidondosha maji ndani ya chupa. Tone moja. Matone mawili. Kwenye tone la tano ganda lilianza kulainika, na zambarau ikaamka.

Bi Wino aliijaza Bi Arusi zambarau ile, akafungua daftari la saba, akaandika tarehe, kalamu na wino. Chini yake, mahali pa kujaribia, akaliandika jina la mwanawe mara moja. Kisha akampa mumewe kalamu, naye akaliandika mara ya pili.